Nimenunua nyumba kongwe yenye wapangaji: nianze na kuta au na watu?

BARUA

Assalaamu alaykum, Mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 43, na ninaishi Unguja. Mume wangu anafanya kazi Muscat na hurejea nyumbani mara moja kwa mwaka. Kwa fedha alizokuwa akinitumia, pamoja na faida ya duka langu la vitambaa Darajani, tulijenga vyumba vinne vya kupangisha huko Jang'ombe, na vyumba hivyo havijatupa tabu kubwa; hivi sasa kimoja kimehamwa na ninatafuta mpangaji mwengine. Baada ya hapo tulinunua nyumba ya zamani Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, yenye vyumba vitatu chini na vitatu juu. Waliotuuzia ni warithi waliotawanyika ambao hawakuwa na uwezo wa kuitengeneza. Bei yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na nyumba za jirani, na tuliinunua pamoja na watu waliomo.

Chumba kimoja cha chini anakaa bibi mmoja mjane ambaye mtaa mzima humwita Bi Mkubwa. Yumo humo tangu miaka ya 1970 na analipa shilingi 40,000 kwa mwezi. Vyumba vitano vilivyobaki vinalipiwa shilingi 55,000 kila kimoja. Wapangaji wote ni watu wa heshima, na wengine watoto wao wanasoma skuli zilizo karibu.

Masika iliyopita maji yaliingia pale mabati yanapokutana na ukuta, yakashuka hadi vyumba vya chini. Juu kuna choo ambacho mwenye nyumba wa zamani alikiongeza, na dari ya chumba kilicho chini yake imeanza kuangusha vipande vya zege la chokaa. Nilimwita mwashi mzee akachoma ncha za boriti kwa bisibisi, nayo ikazama mpaka kwenye mpini. Katika chumba hicho analala mama mmoja na watoto wake wawili. Nimewaambia wasogeze kitanda upande wa pili.

Mwashi huyo anataka kazi ifanywe kwa chokaa, chumba baada ya chumba, katika viangazi viwili, na makisio yake ni shilingi milioni 61. Fundi mwengine, kijana mchangamfu aliyejenga nyumba nyingi Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, anasema atabandua plasta yote, atapiga saruji, atatoa boriti na kumimina zege lenye nondo, na ndani ya miezi mitatu atanikabidhi ufunguo kwa milioni 38. Nilipomuuliza kuhusu kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, alisema kazi ya ndani haionekani mlango ukifungwa.

Mume wangu anataka wapangaji wote watoke ili nyumba iwe ya wageni. Amenipigia hesabu: vyumba sita, dola 40 kwa usiku, zaidi ya dola 87,000 kwa mwaka. Rafiki yake wa huko Muscat yuko tayari kutoa fedha zote za ukarabati kwa sharti la kupewa nusu ya nyumba. Nikimwambia habari za Bi Mkubwa, hunijibu kwamba nimenunua nyumba, sikununua jamaa. Nami naona kuwa nikitengeneza kwa chokaa na kumwacha bibi yule kwa kodi ile, fedha yangu hairudi mpaka nizeeke.

Mvua ikinyesha usiku silali. Je, ni dhulma kuwatoa watu hawa? Nimfuate fundi yupi? Na huyo rafiki wa mume wangu, nimkubali?

Mama wa Malindi

JIBU

Wa alaykumu salaam, mwanangu.

Umenieleza nyumba yenye vyumba sita ambayo inavuja, inayokaliwa na watu unaowaheshimu, inayodaiwa na mume anayetaka matokeo ya haraka, na inayotolewa macho na mtu mwenye fedha. Umeyaunganisha mambo haya manne kiasi kwamba kila unapoligusa moja unahisi umeshalijibu lingine: ukichagua saruji umechagua wageni, ukichagua chokaa umechagua kubaki na Bi Mkubwa, na ukimkubali mshirika umemkubali pia fundi kijana. Ningependa tuyatenganishe, kwa sababu nyumba yenyewe haiyaungi pamoja hivyo. Paa linalovuja linavuja juu ya mgeni sawasawa na linavyovuja juu ya mpangaji, na kulitengeneza hakukulazimishi kuamua leo ni nani atakayelala chini yake mwaka kesho.

Lakini kabla ya yote hayo nina neno moja kuhusu chumba kilicho chini ya choo. Boriti ambayo bisibisi inazama ndani yake imekwisha kazi, na juu yake kuna zege la chokaa na mawe, pamoja na maji na watu wanaoingia chooni. Boriti zikikatika, haziangukii upande mmoja wa chumba zikaacha mwengine. Kitanda kilichosogezwa hakimlindi mama yule wala watoto wake, na nadhani wewe mwenyewe unalijua hilo, ndiyo sababu usingizi unakuruka mvua inaponyesha. Umeandika kwamba chumba kimoja cha Jang'ombe kiko wazi. Sijui kama mama huyo atakubali kwenda huko kwa muda kwa kodi ileile anayolipa Malindi, kwani skuli itakuwa mbali kwa watoto, lakini swali hilo unaweza kumuuliza leo bila ya kungoja jibu la Muscat. Choo cha juu nacho kinaweza kufungwa, na mwashi akaweka nguzo za muda chini ya dari, kwa gharama ndogo sana mbele ya milioni unazozitaja.

Sasa tuje kwa mafundi. Umewalinganisha kwa bei na kwa muda, nami ningependa uwalinganishe pia kwa namna kila mmoja anavyouelewa ukuta wako. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na unene wake ni mkubwa kuliko wa ukuta wowote wa tofali uliouona Jang'ombe. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji, kutoka chini ya ardhi na kutoka kwa mvua, kisha huyatoa taratibu kupitia plasta ya chokaa. Ukiufunika kwa saruji, maji hayaachi kuingia. Yanachokosa ni njia ya kutokea. Hupanda juu zaidi yakitafuta upenyo, huku yakibeba chumvi, na chumvi hiyo inapoganda nyuma ya saruji huisukuma mpaka ibanduke, mara nyingi pamoja na uso wa jiwe. Miaka michache ya mwanzo nyumba hupendeza sana, na hapo ndipo fundi aliyeifanya hupata sifa na wateja wapya.

Kuhusu zege la nondo, kuna jambo jengine. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, kiasi cha mita tatu hivi, kwa sababu urefu wa boriti ya mkoko ndio ulioamua upana wa chumba. Kuta zilijengwa kubeba uzito wa boriti na sakafu yake, na zimeuzoea. Ukimimina sakafu mpya ya zege la nondo, na ukakata ukuta ili kuipumzisha, unazitwisha kuta zilizolowa maji mzigo ambao hazikuutarajia, na hewa ya chumvi ya Malindi haina huruma na nondo ambayo zege lake limepata ufa. Sisemi kwamba kila mwenye saruji ni mharibifu. Kijana huyo huenda ni fundi hodari kabisa kwa nyumba za Ng'ambo, ambako kuta nyingi ni za tofali, lakini sikuona katika barua yako kwamba ameshawahi kufanya kazi katika nyumba ya mawe na chokaa. Muulize, na akitaja nyumba, nenda ukaiangalie baada ya masika kupita.

Tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kihistoria lililomo Mji Mkongwe, ilipoporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki, sidhani kama kuna mtu wa Mjini anayeweza kusema kuwa kazi ya ndani haiwahusu walio nje. Nyumba za Malindi zimeegemeana. Kuta za jirani yako zina haki ya kujua unachokifanya, na Mji wenyewe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo kutoa boriti na kumimina zege bila ya kibali ni jambo ambalo linaweza kusimamishwa katikati, nyumba ikiwa haina paa na fedha yako ikiwa imekwisha nusu. Kwenda Mamlaka huchosha, hilo nalikubali. Kuna faida moja, hata hivyo: wapo watu pale wanaoweza kuja kuitazama nyumba na kukuambia ni ufa upi wa zamani uliotulia na ni upi unaotembea, na maoni ya mtu asiyetaka kukuuzia kazi ni adimu.

Mwashi mzee naye asipite bila ya kuulizwa. Kazi ya chokaa iliyofanywa vibaya ni mbaya kama ile ya saruji. Chokaa isiyoiva vizuri katika maji huacha punje zinazofura baadaye na kutoboa plasta. Iliyopigwa nene kwa pamoja hupasuka. Na iliyoachwa juani bila ya kunyunyiziwa maji huwa unga, kwani hukomaa polepole kwa kunywa hewa ya ukaa. Anaipata wapi chokaa yake, na ataiivisha kwa muda gani? Boriti atazitoa wapi, ilhali ukataji wa mikoko unadhibitiwa? Kama atatumia mbao za kupasua, zimetiwa dawa ya mchwa? Na zile milioni 61, ngapi ni za paa, ngapi za boriti, ngapi za kupendezesha? Swali hili la mwisho ndilo muhimu kwangu kuliko yote, maana maji ndiyo yanayoiua nyumba hii. Mabati, mifereji ya paani na mabomba ya choo kile yakitengenezwa kabla ya masika, kuta zitaanza kukauka zenyewe, na utaweza kungoja, kufikiri, na kutafuta fedha bila ya nyumba kuendelea kuoza mikononi mwako. Plasta mpya juu ya ukuta uliolowa ni fedha iliyotupwa, iwe ya chokaa au ya saruji.

Nimefanya hesabu kidogo, kwa sababu umesema kwamba Bi Mkubwa ndiye atakayekuzeesha kabla fedha haijarudi. Hivi sasa nyumba inakupa shilingi 315,000 kwa mwezi, yaani milioni 3.78 kwa mwaka. Kwa mapato hayo, milioni 38 za kijana hurudi baada ya miaka 10, na milioni 61 za mzee baada ya miaka 16, kabla ya kodi za Serikali na matengenezo madogo. Kwa hiyo hata kazi ya bei nafuu hairudi haraka kwa kodi ya sasa. Tuseme baada ya ukarabati vyumba vitano vinapangishwa kwa shilingi 120,000, nawe utaniambia kama bei hiyo inawezekana Malindi, na Bi Mkubwa anabaki kwa shilingi 40,000 zake. Utapata milioni 7.68 kwa mwaka, na milioni 61 zitarudi kwa takriban miaka minane. Ukimtoa Bi Mkubwa na kukipangisha chumba chake kwa bei mpya, zitarudi kwa miaka saba. Tofauti yote anayoileta bibi yule, mwanangu, ni mwaka mmoja. Huenda ukaona mwaka huo ni mkubwa, na ni haki yako, lakini si yeye aliyesimama baina yako na fedha yako. Wanaobeba uzito wa hesabu hii ni wale watano wengine, na hao umewataja kwa sentensi chache tu.

Je, wanaweza kulipa 120,000? Pengine wawili wanaweza na watatu hawawezi. Unaweza kupandisha kwa hatua, kila chumba kinapokwisha kutengenezwa, na kila mmoja akajua mapema tarehe na kiasi. Hatari yake ni kwamba baadhi wataondoka na utakaa na vyumba vitupu kwa muda. Unaweza kuwapa wanaotaka kuondoka msaada wa kuhamia na muda wa kutosha hadi skuli zifungwe. Utaratibu wa mwashi mzee wa kwenda chumba kwa chumba unakufaa katika hili kwa namna ambayo hujaitaja: watu wanaweza kupishana ndani ya nyumba huku kodi ikiendelea kuingia, ilhali miezi mitatu ya kijana inataka nyumba nzima iwe tupu. Lolote utakalokubaliana nao liandikwe na lisainiwe mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa, na kabla ya kumpa mtu yeyote notisi muone mwanasheria akusomee haki za wapangaji wa muda mrefu, hasa huyu wa tangu miaka ya 1970, ambaye huenda ana makaratasi au mashahidi ambao warithi hawakukuambia habari zao. Njia ya kuwakatia watu maji au umeme wa TUKUZA (ule wa kulipia kabla) ili waondoke wenyewe, najua hukuitaja, lakini wapo watakaokushauri, na inaweza kumfikisha mwenye nyumba Mahkamani akiwa mshitakiwa.

Umeniuliza kama kuwatoa ni dhulma. Neno hilo ni zito na sitalitamka juu yako. Mwenye mali ana haki ya kuitumia mali yake, na mkataba unaweza kumalizika kwa uadilifu. Ningekuuliza tu kama kuna mmoja kati yao aliyewahi kusikia kutoka kinywani mwako kwamba nyumba ina hatari na kwamba unafikiria kuibadilisha. Katika barua yako, ukiacha neno la kusogeza kitanda, umezungumza na mafundi wawili, mume na mimi. Bi Mkubwa, ambaye ameiona nyumba hiyo ikipita masika hamsini, bila ya shaka anajua maji yanaingilia wapi kuliko fundi yeyote.

Kuhusu mume wako, nisingependa umuone kama mtu wa fedha tu. Hesabu yake ina kasoro: dola 87,000 hupatikana iwapo vyumba vyote sita vitalala watu kila usiku wa mwaka, na ni nadra nyumba ya wageni Unguja kujaa mwezi wa Aprili. Wageni huja kwa wingi wakati wa kusi na tena kuanzia Disemba, na mwaka 2020 sote tuliona namna biashara hiyo inavyoweza kukauka ghafla kwa sababu iliyotokea mbali. Kuna leseni ya utalii, kuna vitanda, mashuka, mtu wa kukesha, maji ya uhakika, na asilimia inayochukuliwa na wanaokutafutia wageni mtandaoni. Pia kuna suala la nani atakayekuwa akifungua mlango usiku wa manane, maana yeye yuko Muscat na wewe una duka na watoto. Pamoja na hayo, nyumba za namna hiyo zipo Mjini na baadhi zinaendeshwa vizuri na wenyeji. Mpe hesabu ya vyumba kulala watu nusu ya mwaka kwa dola zilezile, toa gharama, kisha muitazame pamoja. Na ukipata nafasi muulize, si kwa simu ya haraka, kwa nini ana haraka. Mtu aliye ughaibuni kwa muda mrefu akizungumzia nyumba ya wageni huenda anazungumzia riziki itakayomruhusu kurudi nyumbani. Kama ndivyo, mnayo mazungumzo mengine kabisa ya kufanya, na huenda vyumba viwili vya juu vya wageni na vinne vya wapangaji vikamtosha, au pengine la.

Limebaki la rafiki yake. Fedha zote za ukarabati kwa nusu ya nyumba: kwa makisio ya kijana, nusu hiyo inauzwa kwa milioni 38. Mlinunua nyumba nzima kwa kiasi gani, na itakuwa na thamani gani ikishatengenezwa? Mshirika wa nusu ana sauti ya nusu, kuhusu wapangaji, kuhusu fundi, kuhusu kuuza, na akifariki sauti hiyo huenda kwa warithi wake, ambao huenda hamtawajua, kama nyinyi mlivyonunua kwa warithi waliotawanyika. Zipo njia nyengine za kumkaribisha: kumkopa kiasi cha paa na boriti tu kwa maandishi, au kumpa sehemu ya mapato kwa miaka maalumu bila ya kumuingiza katika umiliki. Baadhi ya benki hapa Unguja zina mikopo isiyo na riba, ingawa zitataka dhamana, na dhamana ina hatari zake.

Kabla hujamjibu, itoe hati ya nyumba uisome. Hukuniandikia imesajiliwa kwa jina la nani. Fedha zilitoka kwa mume wako na dukani kwako, na kama jina lililomo ni lake peke yake, nusu anayoahidiwa rafiki inaweza kukatwa bila ya saini yako. Kama majina ni mawili, hakuna atakayeweza kukuharakisha, na unaweza kumwandikia mume wako leo usiku kwamba paa litatengenezwa kabla ya masika na mengine mtayazungumza atakaporudi.